Shajara ya mradi: kupima mazungumzo ya daktari na mgonjwa kliniki

Januari, wiki ya pili

Rasimu ya kwanza ya fomu ya upimaji imechapwa na wakufunzi wameshapewa. Tumeitoa kwenye mwongozo wa Calgary-Cambridge wa kina Kurtz, Silverman na Draper, wenye vipengele zaidi ya 70 kuhusu namna daktari anavyoanza mazungumzo, anavyokusanya habari, anavyoeleza na anavyofunga. Vipengele 70 ni anasa kwa mkufunzi aliyebanwa kwenye kona ya chumba huku foleni ya nje imefika kwenye ngazi. Tumebakiza 24. Kila kimoja kina alama 0, 1 au 2: hakufanya, amefanya nusunusu, amefanya vizuri.

Kwa wenzetu watakaoingia katikati: mradi huu ni wa kufundisha na kupima stadi za mazungumzo kwa marezidenti (madaktari walio masomoni kuwa mabingwa) wa tiba ya familia, kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje hapa Dar es Salaam. Hadi sasa stadi hizo zimekuwa zikipimwa kwa maneno ya korido. "Yule anaongea vizuri na wagonjwa." "Huyu ana haraka." Rezidenti anamaliza miaka yake akiwa hodari wa kusoma ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huwa anamtazama mgonjwa usoni kwa mara ya kwanza akishamaliza kuandika.

Shabaha ya miezi hii mitatu ni ndogo: kurekodi sauti, kusikiliza pamoja, kuona fomu inakamata nini na inaacha nini.

Januari, wiki ya mwisho

Ruhusa imepatikana, kwa masharti, na masharti yenyewe yana akili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti, kwa hiyo sahihi ya mgonjwa haina maana kama hakuelewa anachosaini. Tumekubaliana kwamba anayeomba ruhusa awe mtu wa mapokezi aliyefundishwa. Daktari asihusike, wala nesi wa chumba kile. Mgonjwa akishakaa mbele ya daktari atakubali lolote. Tunarekodi sauti tu, bila picha. Kinasa sauti kinazimwa mgonjwa akipanda kitandani kupimwa. Akitoka anaulizwa tena kama bado ameridhia, maana huenda humo ndani amesema jambo ambalo hakupanga kulisema. Na sauti haikai kwenye simu ya mtu yeyote. Hili la simu nimelirudia sana kikaoni, kwa sababu nayajua makundi yetu ya WhatsApp.

Wagonjwa wachache wamekataa. Nimefurahi, ina maana kukataa kunawezekana.

Februari

Tumeanza vikao vya kusikiliza, Alhamisi mchana, baada ya kliniki. (Habari za wagonjwa humu nimezigeuza kidogo ili wasijulikane.)

Somo hili kila mahali huanza na utafiti wa Beckman na Frankel wa mwaka 1984, Marekani: mgonjwa alikatizwa baada ya wastani wa sekunde 18. Marezidenti wanaujua, wanacheka, wanasema hiyo ni Marekani. Basi tumewasikilizisha sauti zao wenyewe. Mama mmoja anaanza: "Kichwa kinaniuma dokta, na..." "Tangu lini?" anadakia rezidenti. Tangu juzi. Upande gani? Kinagonga au kinabana? Unaona giza? Maswali mazuri yote, yamepangwa kama yalivyo kitabuni. Ile "na" imekufa palepale. Kiti kikisikika kinasogezwa ili mama anyanyuke, anasema, "Halafu dokta, siku zangu nazo, mwezi wa pili huu sijaziona." Spika ikatuletea pumzi ya rezidenti, kisha vidole vikirudi kwenye kibodi.

Hoja yao ni foleni: ukimwachia mtu aongee, utakesha naye. Hoja hiyo ina jibu. Huko Basel, Uswisi, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwataka madaktari wanyamaze mwanzoni, na muda wa kuongea wa wagonjwa 335 ukapimwa bila wao kujua. Wastani wa kuongea hadi kumaliza wenyewe ulikuwa sekunde 92, na asilimia 78 walimaliza ndani ya dakika mbili. Ni kweli Basel si Dar. Mapitio ya nchi 67 yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta muda wa mgonjwa kwa daktari wa huduma ya msingi ukianzia sekunde 48 kule Bangladesh hadi dakika zaidi ya 22 kule Sweden, na siku za Jumatatu sisi tunaelekea upande wa Bangladesh. Ndiyo maana kunyamaza mwanzoni nakufundisha kama mbinu ya kuokoa muda. Yule mama wa kichwa alihudumiwa mara mbili, na mara ya pili alikuwa ameshasimama.

Tumeongeza pia kitu ambacho mwongozo hauna: shikamoo. Mwongozo unamtaka daktari asalimie na ajitambulishe kwa jina na kazi yake, sawa. Lakini kijana wa miaka 29 akikaa mbele ya bibi wa miaka 70 akaanza na jina na cheo bila shikamoo, hata maelezo mazuri ya baadaye yatapokelewa kwa mdomo tu. Mkufunzi mmoja alisema shikamoo inamshusha daktari mbele ya mgonjwa. Hatukumfuata.

Februari, wiki ya mwisho

Kipengele cha 9 kinatusumbua. Kinatokana na kazi ya Pendleton na wenzake ya mwaka 1984 kule Uingereza: daktari agundue mgonjwa mwenyewe anawaza nini kuhusu hali yake, anahofia nini, na amekuja akitarajia nini. Marezidenti wamekikariri, na wanakiuliza kama karani wa sensa. "Baba, wewe unadhani ugonjwa wako ni nini?" Jibu lililorekodiwa: "Dokta, mimi ningejua si ningebaki nyumbani?" Kimya kidogo, kisha, "Haya, una hofu yoyote?" "Hapana." Fomu inampa alama zote.

Rezidenti mwingine hakuuliza hata swali moja kati ya hayo. Alisema tu, "Na nyumbani wanasemaje?" Ndani ya dakika moja tukapata mama mkwe anayesema ni chango, jirani aliyeleta mizizi ya kuchemsha, na dada aliyefariki kwa saratani ya kizazi baada ya kuanza na maumivu kama haya. Wakufunzi wawili waliosikiliza sauti hiyo, mmoja amempa 2 na mwingine 0, kwa kuwa "hakuuliza hofu."

Tumebadilisha maneno ya kipengele: anayepima asiangalie swali, aangalie kama habari imetoka. Na tumekusanya kutoka kwenye rekodi maswali ambayo kweli yanafungua watu. Umeshatumia nini mpaka leo? Kuna ndugu aliyewahi kuumwa hivi? Kilichokufanya uje leo na si wiki iliyopita ni nini? Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu mtu analijibu kwa tukio, na tukio haliogopi daktari.

Msindikizaji hana nafasi kwenye fomu yoyote niliyoiona. Hapa kwetu yumo karibu kila chumba: mume anayejibu kwa niaba ya mke, binti anayemtafsiria mama yake kutoka Kisukuma. Kipengele kipya kimeingia: daktari amepata kumsikia mgonjwa mwenyewe, bila kumvunjia heshima aliyemleta.

Machi

Ramadhani. Vikao vimefupishwa, ila kliniki ya sukari imetupa igizo la bure. Mgonjwa wa sukari anayetaka kufunga kwa kawaida haji kuomba ruhusa, anakuja kutoa taarifa. Marezidenti wengi waliigiza kwa kukataza: "Wewe usifunge, ni hatari." Anayeigiza mgonjwa anaitikia "sawa dokta," na wote chumbani tunajua kesho atafunga. Tumelirudia igizo kwa njia nyingine: kwanza kujua amewahi kufunga akiwa kwenye dawa na ilikuwaje, kisha dawa ipi ihamie futari na ipi ipunguzwe daku, hasa glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) na insulini, kumhakikishia kwamba kujichoma kidole kupima hakufunguzi, na kupatana naye kabisa kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 anafungua, hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi. Mazungumzo ya aina hii hayazidi yale ya kukataza kwa urefu, au yanazidi kidogo sana.

Machi, wiki ya mwisho

Hili ndilo limegeuza mradi.

Mzee wa presha, rezidenti wa mwaka wa tatu, mmoja wa tulio na imani naye. Amesalimia, amenyamaza, ameuliza vizuri, amefupisha maelezo ya mzee na kumrudishia ahakikishe, ameeleza kiharusi kwa lugha ya mtaani, amemaliza kwa "una swali lolote mzee wangu?" Mkufunzi aliyekaa pembeni amempa alama 44, karibu zote. Presha ilikuwa juu, 170 kwa 100. "Dawa unakunywa?" "Nakunywa." Basi juu ya haidroklorothiazidi aliyokuwa nayo akaongezewa amlodipini.

Kwenye dirisha la dawa mzee akainama na kumwambia mfamasia kwa sauti ya chini ampe hii mpya tu, ile ya zamani aiache, "ile inanimaliza." Alishaacha kuimeza kitambo. Alichokuwa anamaanisha mfamasia alikielewa bila kuuliza zaidi. Na kitabibu mzee ana hoja: dawa za jamii hiyo zinaweza kweli kupunguza nguvu za kiume.

Nimekaa na fomu ile yenye alama 44. Hakuna kipengele kilichojazwa kwa upendeleo. Kila alichopewa rezidenti alikifanya. Ila fomu nzima inamtazama daktari anavyosema, na humo chumbani walikuwa wawili. Mmoja ametoka akiamini dawa moja imeshindwa kazi na inahitaji msaada. Mwenzake ametoka akijua dawa hiyo hailiwi.

Aprili

Kadi mbili zimeanza kutumika. Rezidenti, kabla hajamwita anayefuata, anajaza yake: mgonjwa huyu amekuja leo kwa sababu gani hasa, anahofia nini, nimemwambia ana nini, tumekubaliana nini kuhusu dawa, arudi lini, au akiona dalili gani. Nje, karibu na dirisha la dawa, mhojaji anamuuliza mgonjwa mambo hayohayo. Kadi zinapigwa pini pamoja na zinasomwa Alhamisi.

Mhojaji havai sare, wala hakai mahali panapoonekana kutoka mlangoni kwa daktari. Mwanzoni kamati ilitaka tuweke pia swali la kuridhika na huduma. Tumelijaribu na kulitoa. Kila mtu alijibu kwamba dokta ni mzuri sana, Mungu amzidishie, akiwemo mama aliyetoka bila kujua karatasi aliyoishika ni ya maabara au ya dawa. Mtanzania hamsemi vibaya aliyemhudumia akiwa bado ndani ya geti. Ukimuuliza "umeambiwa una nini?" haoni kama unamtaka amseme mtu, anakupa habari.

Tarehe ya kurudi, kadi nyingi zinakubaliana. Dalili za hatari, chache. Panapochekesha na kusikitisha ni kwenye "nimemwambia ana nini." Kadi ya rezidenti: mafua ya virusi, hakuhitaji antibayotiki, nimemweleza. Kadi ya mgonjwa: "Amesema dawa zimeisha." Kadi ya rezidenti: mkojo safi, hakuna UTI. Ya mgonjwa: "Nina UTI, lakini bado haijawa kubwa." Tumerudi kwenye rekodi ya yule wa mafua. Daktari kasema kweli, tena kwa upole: "Kwa leo hakuna dawa ya kukupa, mama." Hakufika kusema kwa nini, wala mama afanye nini usiku kikohozi kikipanda.

Malalamiko ya kwanza yameshafika, na yana haki yake: mgonjwa akisahau nikose mimi? Hatutoi alama kwa jozi moja ya kadi. Wapimaji wa mitihani ya udaktari wamelijua hili muda mrefu, kwamba mtu mmoja anaweza kung'ara kwa mgonjwa wa sukari na kuboronga kwa mzazi aliyefiwa, kwa hiyo mgonjwa mmoja hasemi mengi kuhusu daktari. Tunaangalia mfululizo. Rezidenti ambaye kadi za dawa hazikubaliani wiki hadi wiki ana tatizo la kueleza, na sasa tunajua tuanzie wapi.

Mei

Mtihani wa mwisho wa mwaka unakaribia na uongozi unataka namba. Tumeandaa vituo vyenye wagonjwa wa kuigiza, wazo lililoanzishwa na Howard Barrows kule Los Angeles mwaka 1963.

Kituo kigumu kuliko vyote ni cha degedege. Mama ameleta mtoto aliyepata degedege alfajiri. Sasa ametulia ila ana homa, na mama anakataa sindano. Maelekezo ya mwigizaji: usiseme kwa nini mpaka uulizwe kwa upole. Sababu yake ni imani inayojulikana pwani yote, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, aanzie kwanza kwa mganga. Wapo marezidenti walioanza hotuba ya malaria kali hapohapo. Aliyefanya vizuri alimuuliza mama amewahi kuona mtoto aliyefariki hivyo. Ndiyo, wa jirani. Akampa pole ya jirani, kisha akamweleza kwamba yule pengine alifikishwa akiwa tayari amezidiwa, na kwamba huyu amewahi. Mama akauliza sindano ni ngapi.

Waigizaji: tulianza na manesi wastaafu, ambao wanajua ugonjwa mno na wanampa rezidenti majibu hata kabla ya swali. Kikundi cha sanaa cha vijana wanatufaa zaidi, isipokuwa mmoja anayelia kwa ufundi kiasi kwamba msimamizi naye alitafuta kitambaa.

Kuna jambo la haki hapa. Mtihani wa chuo cha madaktari wa familia cha Uingereza, unaofanyika sasa kwa wagonjwa 12 wa dakika 12 kila mmoja, ulirithi ugomvi mzito: mwaka 2014 BAPIO, chama cha madaktari wenye asili ya Kihindi, kilikipeleka chuo hicho Mahakama Kuu, kwa kuwa kwenye mtihani wa wakati huo waliosoma nje na wasio Wazungu walikuwa wakifeli zaidi sana. Jaji aliona mtihani ni halali, ila akasema wakati wa chuo kuchukua hatua umefika. Sisi tunaye rezidenti aliyekulia Kenya. Anasema "kuja hapa, keti, leta mkono," na mwigizaji wetu wa Tanga anakunja uso papo hapo. Msimamizi akauona uso, akakata alama. Kadi zake za kliniki, kwa wagonjwa halisi, zinakubaliana kuliko za wenzake wengi.

Uamuzi: alama ya heshima haitolewi tena kwa uso wa mwigizaji. Kituo kinapima habari iliyopatikana na makubaliano yaliyofikiwa. Kuhusu namna ya kusema na watu wa Dar, tumemwambia pembeni, kama mtu anavyomwambia mgeni njia ya kwenda sokoni, na amelipokea vizuri.

Na kwa wanaotaka vituo pekee vitoshe: mwaka 1991 Rethans na wenzake kule Uholanzi waliwapima madaktari wa familia kwenye mtihani, kisha kazini. Walichoweza mtihanini hakikutabiri vizuri walichofanya kliniki. Kwa hiyo kadi zinabaki.

Juni

Kidogo kuhusu mrejesho, kwa sababu ndiko mkufunzi anakotumia muda mwingi. Kanuni tuliyozoea ni ya kutanguliza mazuri, kisha mapungufu. Marezidenti wameshaikariri, ukianza kusifu wanakaa wakisubiri "lakini." Kina Silverman walipendekeza njia nyingine, na ndiyo tunayotumia: rezidenti mwenyewe anasema kabla ya kusikiliza ni wapi palimkwama na anataka msaada gani, na kikao kinaanzia hapo. Mmoja alisema, "Nashindwa kumtoa mgonjwa anayerudia maneno." Tukafanyia mazoezi hicho tu, saa nzima, kwa zamu, mpaka akapata sentensi inayomkaa mdomoni. Ya kwangu aliikataa. Aliona inamfanya aonekane mzee.

Rezidenti wa mzee wa presha aliomba kumpigia simu arudi. Mzee amekuja, ile dawa imebadilishwa, na rezidenti ametengeneza swali lake jipya ambalo wenzake wanaliiga: "Kati ya hizi dawa, ipi huipendi?"

Julai

Hali ilivyo sasa. Fomu imebaki na vipengele 15. Vilivyotolewa ni vile vinavyompa mtu alama kwa kutamka. Kadi mbili zimeingia kwenye tathmini ya kazini, kwa miezi sita ya majaribio, bila kufelisha mtu. Vituo vya kuigiza vinabaki kwenye mtihani.

Bado kuna mambo wazi. Kadi ya mgonjwa haifanyi kazi pale msindikizaji anapojibu. Tunajaribu kuwahoji wote wawili kwa pamoja na kuandika nani amesema. Mfumo wa kompyuta ukiwa chini, rezidenti anaandika faili kwa mkono na kadi inasahaulika, kwa hiyo siku hizo tutaziondoa kwenye hesabu. Mfamasia wa dirisha la dawa ameomba awe sehemu rasmi ya timu, nami naona alishakuwa tangu Machi. Barua yake ya kuteuliwa iko kwa mkuu wa idara, inasubiri sahihi.